Nani Mwenye Jina la Toroli?

Sketi ndiyo iliyonitoa Voi. Mwanangu Damasi ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, na siku yake ya kwanza kazini alipewa fuko la sare lililoandikwa TOROLI. Alipolifungua alikuta sketi ya buluu na blauzi. Wakati huohuo, upande wa mapokezi, msichana mmoja aitwaye Veronika alikuwa ameshika suruali ya mpishi na kuuliza kwa hasira ni nani aliyempima kiuno. Walikwenda kubadilishana mafuko. Mwaka na nusu baadaye Damasi akanipigia simu kuniambia anataka kuoa, tena amepata bahati, maana mchumba hatahangaika kubadilisha jina.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Veronika Toroli, mama."

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale sokoni. Saa ile nilikuwa nakata kola. Mkasi uliteleza ukaingia begani mwa shati la mtoto wa watu.

Lazima niwaeleze kwa nini. Huku kwetu Voi na Mwatate, Toroli ni sisi tu. Marehemu baba yetu, Tobias Toroli, alizaliwa Msumbiji, Mmakonde, akavuka kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani ya kusini, kisha akahamia mkonge wa Mwatate, akatuzaa. Habari za nyuma hakupenda kuzisema. Jina lenyewe limepita mikononi mwa makarani wengi. Kitambulisho changu kinasema Toroli. Cha kaka yangu Pius kinasema Troli, kwa kuwa aliyemwandika alikuwa na haraka ya kwenda kula. Marehemu dada yetu Agata aliandikwa Tororo, kama ule mji. Naye Damasi, niliyemlea peke yangu kwa jina la baba yangu, tangu aingie hotelini anajiandika Toroly, anasema wageni wanalitamka vizuri zaidi. Ukoo mmoja, majina manne.

Siku tatu baada ya simu ile, bibi yake Veronika, Bi Anastazia wa Makongeni, alituma ujumbe: "Toroli haoi Toroli. Marehemu mume wangu alikuwa na ndugu yake aliyekwenda Mwatate. Hao watoto ni ndugu. Waachane mara moja." Damasi alinisomea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu avunjike mkono akiwa darasa la tatu. Nikafunga cherehani.

Ijumaa asubuhi niliondoka na kaka yangu Pius. Sikumtaka, lakini katika mambo ya posa mwanamume lazima awepo, na Pius ndiye mwanamume pekee tuliyebaki naye. Ni seremala. Njia nzima ndani ya treni alikuwa akinieleza kwamba yeye hahusiki.

"Mimi ni Troli," alisema. "Nyinyi akina Toroli mkamalize mambo yenu."

"Baba yako alikuwa nani?"

"Baba alikuwa Toroli. Mimi nimeanzisha ukoo wangu. Nina hata kibao dukani, Troli Fanicha. Nimekichora kwa rangi mbili."

Tulivuka Likoni adhuhuri, na saa nane tulikuwa Ukunda. Damasi alitupokea, amekonda. Veronika alikuwa naye. Nilimtazama kwa jicho la fundi: kimo cha wastani, mabega mapana kidogo, mgongo ulionyooka. Hakufanana nasi hata kidogo, nikafurahi. Halafu akanishika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo mama, poleni na safari," nikahuzunika, maana nilimpenda palepale.

"Mama, wewe na mimi si ndugu," akasema. "Nimemwambia bibi hata nyanya za dukani zinafanana. Hasikii."

"Atasikia," nikasema, ingawa sikujua atasikia nini.

Makongeni tulifika saa kumi. Nyumba ya Bi Anastazia iko nyuma ya kanisa dogo, uwanja umefagiwa hadi mchanga umebaki na mistari ya ufagio. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miaka themanini na ushei, na kwenye mdomo wa juu ana alama ya tundu la ndonya, lile pambo la mdomo la wanawake wa Kimakonde wa zamani. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, kisha akasimama mlangoni ametuzibia njia.

"Tatizo langu ni hili," alisema. "Kama nyinyi ni wakwe, sharti niwatandikie jamvi na niwachinjie kuku. Kama nyinyi ni watoto wa shemeji yangu, basi hapa ni kwenu, na maji yamekwisha mtungini. Sasa sijui niwape kuku au niwape ndoo."

Alifikiri sana. Mwishowe akanitandikia mimi jamvi, na akampa Pius ndoo.

Pius aliporudi kutoka kisimani, shati limelowa mbele, Bi Anastazia alikuwa ameanza kunikagua. Alinigeuza uso kwenye mwanga. Alinivuta sikio la kulia, akalipindua kama mtu anayetafuta bei ya nguo.

"Haya," akasema. "Masikio haya ni ya mume wangu."

"Bi Anastazia, masikio ni masikio."

"Masikio si masikio. Nimelala kando ya masikio haya miaka arobaini na kitu." Akaingia ndani, akatoka na picha ya mumewe, Albano Toroli, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Mtu mfupi, mnene, mwenye kovu kidevuni, kofia mkononi. Masikio yalichomoza pande zote mbili. Nilishika yangu bila kujua.

Akatueleza yote. Mumewe alisukuma toroli katika shamba la mkonge lililokuwa nyuma ya Gazi, toroli zile za kubeba majani juu ya reli ndogo kutoka shambani hadi kwenye mashine. Kabla hajamwoa yeye, alikuwa na mtu wake ambaye siku zote alimwita "ndugu yangu Toroli," na mtu huyo alikwenda Mwatate asirudi. Maisha yake yote Albano hakuacha kumtaja. "Hata siku ya kufa aliniambia, mwombee ndugu yangu. Nami namwombea kila Jumapili. Sasa nyinyi mnataka niwafungishe ndoa wajukuu wa tumbo moja?"

Hapo Pius akaniinamia sikioni. "Isije ikawa baba aliacha nyumba nyingine hukuhuku pwani."

"Baba hakuweza kwenda dukani bila kupotea," nikamwambia. "Angewezaje nyumba mbili?"

Nilimwomba Bi Anastazia atupe siku mbili tutafute mtu aliyewajua. Alikubali kwa shingo upande. Alisema wengi wamekwisha kufa, ila Msambweni kuna fundi baiskeli ambaye baba yake aliendesha ile mashine ya kukwangua mkonge. "Anaitwa Hamisi Korona," akasema. "Msimcheke."

Jumamosi saa tatu tulikuwa Msambweni, tunakunywa chai ya rangi kwa mahamri na mbaazi kibandani mbele ya karakana ya Hamisi Korona. Yeye mwenyewe alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu. Ni mtu wa miaka sitini hivi, mpole, na nadhani ndiye Mswahili mwenye subira kuliko wote wa pwani hii.

"Korona ni ile mashine," alitueleza. "Yenye kukwangua majani ya mkonge yakatoka nyuzi. Watu wote wa mkonge waliiita hivyo. Baba yangu alitoka mbali, na jina lake lilikuwa refu. Karani wa shamba alikuwa mvivu. Akiuliza mtu jina, mtu akasema neno likamshinda kuandika, alitazama mtu yule amesimama karibu na nini. Baba alisimama karibu na korona. Ukoo mzima ukaitwa Korona."

"Mlikaa nalo bila taabu?"

"Miaka sitini bila taabu. Kisha ukaja ugonjwa ule." Akaliacha gurudumu lizunguke lenyewe. "Siku moja nimekwenda zahanati na jino. Watu wamejaa benchi nne. Muuguzi akatoka mlangoni, akaita kwa sauti kubwa: Korona! Yupo wapi Korona? Nikasimama, nikasema, nipo hapa. Dada, sijapata kuhudumiwa haraka namna ile maishani mwangu. Benchi zote nne nilibaki peke yangu."

Pius alicheka hadi mbaazi zikampalia, nikampiga mgongo. Mimi nilikuwa nimeanza kuona mwanga. "Kwa hiyo Toroli si ukoo!" nikasema. "Ni kazi. Kila aliyesukuma toroli aliandikwa Toroli. Baba yangu na mume wa Bi Anastazia hawakuwa na undugu wowote!"

Hamisi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekuta tundu la pili baada ya kuziba la kwanza.

"Wasukumaji toroli walikuwa wanne," alisema. "Watatu walikuwa Wadigo wa hapahapa, karani aliweza kuwaandika. Mmakonde alikuwa mmoja. Toroli alikuwa mmoja tu, dada. Baba alipenda kuwahesabu kwa majina: Korona mmoja, Winchi mmoja, Brashi wawili, Toroli mmoja."

Nikaweka kikombe chini. Kama Toroli alikuwa mmoja, basi baba yetu alilitoa wapi jina lake, kama si kwa ndugu yake wa damu? Nilimwona Damasi akilini, na ile sauti yake ya mkono uliovunjika.

Hamisi alituonea huruma. "Nyapara wa shamba alikuwa na binti, Bi Mwanakombo. Alikuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana kila siku. Aliwajua wote. Yuko Kibuyuni, analima mwani. Lakini muwahi, maji yanakupwa mchana. Yakijaa hamumpati, na akishatoka baharini hulala."

Saa saba tulishuka Kibuyuni kwa bodaboda mbili, na maji yalikuwa yamekupwa kweli. Hatukuona mtu ufukweni. Dereva mmoja wa bodaboda alituambia Bi Mwanakombo yuko kule, na mkono wake ulielekea baharini. Wanawake walikuwa wameinama katikati ya maji kati ya safu za vijiti, wanafunga mwani kwenye kamba.

"Tumsubiri," akasema Pius.

"Akitoka hulala."

Pius alikunja suruali hadi magotini. Hatua ya kumi akaingia shimoni hadi kiunoni, na kuanzia hapo hakuwa na sababu ya kukunja kitu. Mimi nilifunga leso mbili na kumfuata, viatu mkononi. Tulipomfikia Bi Mwanakombo, aliinua uso, akatutazama tulivyolowa, akasema, "Karibuni. Mmekuja kuoga au mna shida?"

Nilimwamkia na kumweleza. Alisikiliza huku vidole vyake vikifunga vishada vya mwani bila yeye kuvitazama. Nilipotaja Toroli wa Mwatate, vidole vilisimama.

"Mrefu?" akauliza. "Mrefu kama mnazi, mguu mkubwa, akicheka huziba mdomo?"

"Ndiye baba yetu," nikasema. Tangu baba afe, hakuna mtu aliyewahi kunieleza kicheko chake.

"Hebu shika hapa," akanipa ncha ya kamba. Akampa Pius ncha nyingine. "Huyo hakuwa Toroli. Toroli alikuwa mfupi, ana kovu kidevuni. Alipata habari mama yake anaumwa huko kwao, ng'ambo ya mpaka. Akiondoka, kazi yake wangeichukua wengine. Huyu baba yenu ndiyo kwanza ameingia kutoka Msumbiji, hana karatasi yoyote, na bila karatasi hapewi kazi. Wakapatana. Toroli akamwachia kipande chake, ile kadi ya kazi, akamwambia: kuwa mimi mpaka nitakaporudi. Mmoja apate kazi, mwingine asiipoteze."

"Na wenye shamba hawakuona?"

Bi Mwanakombo alianza kucheka, akashika kiuno. "Kipande kiliandikwa Toroli tu, mfupi, kovu kidevuni. Picha hakuna. Wallahi, mwanangu, asubuhi baba yenu alijipaka masizi hapa," akajigusa kidevu, "na meneja akipita kukagua, alipiga magoti nusu, hivi, akatembea nyuma ya toroli kama bata. Nami nimesimama na sufuria ya baba, nakufa kwa kicheko. Baba yangu ndiye nyapara, alijua kila kitu. Akimwona meneja kwa mbali alikohoa, kisha akamwita kwa jina lake la kweli, kwa sababu jina lile meneja hakulijua: Nandonde! Nandonde, punguza kimo!"

Pius aliachia kamba. Mwani ukaelea.

"Nandonde," akasema.

"Nandonde," akasema Bi Mwanakombo. "Shika kamba, baba."

Toroli wa kweli alirudi baada ya miezi mingi, ameshamzika mama yake. Nyapara alimtafutia kipande kipya kwa jina lilelile, na baba yetu akahama na kile cha zamani kabla watu hawajaanza kuhesabu Toroli wawili kwenye mstari mmoja. Ndio maana akaenda Mwatate. Walipoagana walilia, alisema Bi Mwanakombo, na tangu siku ile kila mmoja alimwita mwenzake ndugu, maana wasingeweza kueleza vinginevyo bila kufungwa.

Nilisimama ndani ya maji nikiwaza jinsi baba alivyokuwa akinyamaza tulipomwuliza ya kwao. Siku zote nilidhani ni ukali tu. Kumbe alikuwa akimlinda mtu.

Bi Mwanakombo alikubali kuja nasi kusema mwenyewe, kwa sharti tumsaidie kumaliza safu iliyobaki. Tulifunga mwani hadi saa kumi. Vishada vya Pius vilifunguka vyote.

Jumapili baada ya misa tulikuwa tena Makongeni, na Damasi na Veronika wakaomba ruhusa kazini wakaja. Bi Mwanakombo alisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye magoti alisimama akaonyesha. Bi Anastazia hakucheka. Alikaa na picha ya mumewe mapajani mpaka kuku wa jirani wakaanza kuingia ndani.

"Kwa hiyo sina shemeji," akasema.

"Huna, bibi," akajibu Veronika.

"Asubuhi hii nimetoka kumwombea!" Aliigeukia picha. "Albano! Miaka yote ile umenilisha shemeji wa uongo! Nimeweka nadhiri kwa ajili yake. Nimefunga Kwaresima moja nzima kwa ajili ya mguu wake, ukaniambia una kidonda!" Aliifuta picha kwa ncha ya leso, taratibu, halafu machozi yakamtoka na kicheko kikamtoka pamoja. "Na masikio je?"

"Masikio ni masikio," nikamwambia.

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Tokeni."

Damasi aligeuka rangi. Veronika akasema, "Bibi, jamani!"

"Tokeni nyinyi watatu, mpaka nje ya uwanja. Juzi mliingia kama watoto wa shemeji, nikamtuma mkwe wangu maji. Aibu gani hiyo! Rudini njiani, mje mpige hodi kama watu."

Tulitoka, mimi, Pius na Damasi, tukapita ile mistari ya ufagio, tukasimama barabarani juani. Pius alifunga kifungo cha juu cha shati. Tukarudi.

"Hodi!" akaita Pius.

"Hodi nani?" ikaja sauti kutoka ndani.

Pius alinitazama. Mtu mwenye kibao cha rangi mbili. Alimeza mate, akasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Gazi: "Akina Nandonde!"

"Wa wapi?"

"Wa Mwatate! Tumeona ua hapa, tunaomba kulichuma."

"Akina Nandonde siwajui," akasema Bi Anastazia, na tulimsikia akijizuia kucheka. "Wageni kabisa. Basi karibuni ndani. Veronika, tandika jamvi."

Tulikula kuku. Pius hakugusa ndoo hata ya kunawia. Aliletewa maji mkononi.

Jumatatu tulirudi. Tumeafikiana posa rasmi iwe baada ya mavuno ya mahindi, na Bi Mwanakombo atakaa upande wetu, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kumjua baba kwa jina lake. Pius ameamua kibao kibaki Troli Fanicha. Wateja wamekizoea, na rangi ni ghali, ila mtoto wake wa mwisho atamwandikisha Nandonde. Damasi anasema ataiondoa ile y. Mimi nimewaza sana juu ya kitambulisho changu. Nilikwenda nikidhani jina ni kitu unachopewa na baba yako. Nimerudi nikijua kwamba langu baba aliliazima kwa mtu mfupi aliyekuwa na haraka ya kumwona mama yake, na kwamba watu wale wawili walifukia urafiki wao wote ndani ya neno moja la karani mvivu. Sioni sababu ya kulitupa. Nandonde nitaliongeza mbele yake.

Jumatatu hiyo, kwenye kituo cha treni, askari wa ukaguzi alishika kitambulisho changu, akakisoma, akainua macho kuniangalia.

"Wewe ndiye Toroli?"

"Ndiyo," nikamjibu, "kwa hisani ya wenyewe."